UZI: Chembe nano za kupeleka dawa moyoni. Kwa nini nyingi zinaishia kwenye ini, na waliopiga hatua wamepitia wapi

#1 Mleta uzi

Wanajamvi, habari za wakati huu.

Kwenye magrupu ya WhatsApp zinazunguka video zinazosema "nano" ya kurudisha upya moyo ulioharibika imeshapatikana. Wengine wanauza kabisa: matone, vidonge, hadi maji ya chupa. Mimi ni mfamasia, na vibebeo vidogo vya dawa ndilo eneo nililobobea na ninalolifuatilia kila siku. Naandika kwa sababu jambo lenyewe lipo kweli, ni zuri mno, na watu wanastahili kulielewa kabla hawajatoa hela.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Vitu vinavyoweza kuamsha misuli ya moyo au kuzuia kovu lisienee vinajulikana tayari maabara, na si kimoja. Kinachotushinda ni kuvifikisha pale panapotakiwa bila kupotea njiani. Na waliofika mbali zaidi hadi sasa ni wale walioacha kuulenga moyo moja kwa moja.

Tuanze na moyo wenyewe. Ateri ya moyo ikizibwa na bonge la damu, misuli inayolishwa na ateri ile inakosa oksijeni. Ndani ya nusu saa hivi seli zinaanza kufa, na kila saa inayopita eneo lililokufa linapanuka. Ventrikali ya kushoto, yaani kile chumba kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, ina seli za misuli kati ya bilioni 2 na bilioni 4. Shambulio kubwa moja linaweza kuua zipatazo bilioni 1. Pigeni hesabu wenyewe.

Ini ukilikata kipande linaota. Ngozi inaota. Moyo wa mtu mzima hauoti kwa kiasi cha kumsaidia mgonjwa, na namna wanasayansi walivyolijua hilo inanishangaza hadi leo. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalipandisha kaboni-14, kaboni yenye mionzi, hewani dunia nzima. Kaboni ile ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, kisha kwenye DNA ya kila seli iliyozaliwa wakati ule. Mwaka 2009 timu ya Olaf Bergmann na Jonas Frisén, pale Taasisi ya Karolinska nchini Sweden, ikapima kaboni hiyo kwenye DNA ya seli za moyo ili kujua zilizaliwa lini. Kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli zake za misuli ya moyo kwa mwaka. Akifika miaka 75 imeshuka hadi asilimia 0.45. Kwa kasi hiyo mtu aliyepoteza robo ya misuli hawezi kuirudisha.

Pengo linajazwa na seli ziitwazo fibroblasti, zinazomwaga kolajeni hadi kovu linatokea. Kovu ni kama kiraka kwenye tyubu ya baiskeli: linazuia ukuta usipasuke, lakini halivutiki kama mpira wenyewe. Bila kovu mgonjwa angekufa siku zile za mwanzo, kwa hiyo tusilitukane. Ila kovu halidundi. Misuli iliyobaki inafanya kazi ya ziada, moyo unatanuka, na baada ya miezi au miaka miguu inavimba, mtu hawezi kulala chali bila kukosa pumzi, ngazi chache zinamshinda.

Viumbe wengine hawana shida hii. Mwaka 2002 Kenneth Poss na wenzake walikata karibu asilimia 20 ya ventrikali ya samaki pundamilia, yule mdogo wa mistari, na ikaota upya. Mwaka 2011 watafiti wa Texas wakaonyesha kwamba kitoto cha panya kikiumizwa moyo siku ya kwanza baada ya kuzaliwa kinapona kabisa. Kikiumizwa siku ya 7 kinabaki na kovu kama sisi. Kwa hiyo uwezo upo kwenye mwili wa mamalia, halafu unafungwa mapema sana. Utafiti wote ninaouelezea hapa ni wa kutafuta namna ya kuufungua tena, au angalau kupunguza kovu.

Naendelea. Maswali ruksa.

#2 Mchangiaji

Mkuu nondo nzito. Ila mbona tuliambiwa seli shina zinatibu moyo? Kuna ndugu yangu alipelekwa nje ya nchi akachomwa hizo seli, familia iliuza kiwanja.

#3 Mleta uzi

Pole sana mkuu. Hili la seli shina nalijibu kwa urefu maana limeumiza wengi.

Mwaka 2001 ilitoka makala kwenye jarida la Nature ikidai kwamba seli shina za uboho zikichomwa kwenye moyo wa panya ulioumia zinageuka kuwa misuli mipya. Aliyekuwa kinara wa kazi hizo ni Piero Anversa. Maabara nyingine zikajaribu kurudia, hazikuona misuli hiyo. Hata hivyo majaribio kwa binadamu yaliendelea kwa miaka. Mwaka 2018 Harvard pamoja na hospitali ya Brigham and Women's walipendekeza makala 31 za maabara yake ziondolewe majaridani kwa sababu ya data za kughushi au kubadilishwa. Makala 31, wakuu. Nyuma ya makala zile kulikuwa na wagonjwa waliokubali kuchomwa sindano wakiamini msingi wake ni imara.

Kuna jambo moja zuri lililobaki baada ya hapo. Wengi waliacha kutafuta seli za kuingiza kutoka nje, wakaanza kuuliza kama seli zilizobaki hai zinaweza kuamriwa zigawanyike. Hapo ndipo RNA, yaani ujumbe wa kijenetiki unaoiamuru seli, inapoingia.

Mwaka 2012 kundi la Mauro Giacca, wakati ule Trieste, Italia, lilipima mamia ya vipande vidogo vya RNA vinavyoitwa maikroRNA, likapata baadhi vinavyosukuma seli za misuli ya moyo zigawanyike. Maarufu kati yao ni miR-199a. Walipoiweka kwa panya ikafanya kazi. Mwaka 2019 wakaiingiza kwa nguruwe walioumizwa moyo, wakitumia virusi visivyosababisha ugonjwa kuwa kibebeo. Nguruwe ni hatua kubwa, moyo wake unakaribiana na wetu kwa ukubwa na kwa mapigo. Baada ya mwezi mmoja kovu lilikuwa limepungua, misuli imeongezeka, moyo unasukuma vizuri zaidi.

Kisha nguruwe wengi wakaanza kufa ghafla kwa mapigo kuvurugika.

Sababu ni kwamba virusi vile vikishaingia kwenye seli vinakaa na kuendelea kutoa amri ileile wiki baada ya wiki. Seli ziliendelea kugawanyika bila kukomaa, na vikundi vya seli changa katikati ya misuli inayodunda vinavuruga umeme wa moyo. Dawa ilikuwa sahihi. Amri ndiyo haikuwa na mwisho.

Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote ya kutumia chembe nano. RNA iliyofungwa ndani ya chembe ya lipidi inafanya kazi siku chache, halafu mwili unaivunja. Kundi hilohilo mwaka 2017 lilishaonyesha kwa panya kwamba sindano moja ya maikroRNA iliyofungwa kwenye lipidi, ikachomwa ndani ya misuli ya moyo, inatosha kuleta nafuu. Lakini soma tena: ikachomwa ndani ya misuli ya moyo. Kwa panya unafungua kifua unachoma. Kwa mgonjwa aliyetoka kupata shambulio asubuhi, kufungua kifua si jambo la kupendekeza. Ndiyo maana watu wanatamani chembe inayopita kwenye damu kutoka mkononi na kujifikisha yenyewe.

#4 Mchangiaji

Tafadhali tuelezee nano yenyewe ni nini, maana hata sabuni siku hizi wanaandika nano. Mimi ni mwalimu wa kemia, usiogope kuingia ndani.

#5 Mleta uzi

Asante mwalimu. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000. Chembe tunazozungumzia huwa kati ya 50 na 200. Neno "nano" pekee halimaanishi dawa. Linamaanisha ukubwa tu.

Inayotumika zaidi kwa RNA ni chembe ya lipidi, ileile iliyobeba chanjo za Pfizer na Moderna za UVIKO-19. Ina lipidi za aina nne. Ya kwanza ndiyo yenye akili yote: kwenye damu, ambako pH (kipimo cha asidi) ni kama 7.4, haina chaji, kwa hiyo hairarui seli inazokutana nazo. Seli ikiimeza inaiweka kwenye kifuko chenye asidi. Pale inapata chaji chanya, inakwaruzana na utando wa kifuko, na RNA inatokea ndani ya seli. Ya pili ni fosfolipidi na ya tatu ni kolesteroli, hizi zinashikilia umbo. Ya nne imeunganishwa na PEG, mnyororo unaopenda maji unaofunika uso wa chembe ili zisigandane na zisitambulike haraka na kinga ya mwili. PEG ina kero yake pia, kuna watu wachache ambao miili yao inaikataa kwa mzio mkali.

Mtangulizi wa hizi zote ni liposomu, kiputo cha mafuta chenye maji katikati, alichokieleza Alec Bangham pale Babraham, karibu na Cambridge, miaka ya 1960.

Sasa nataka mnisikilize hapa. Dawa ya kwanza ya nano kuidhinishwa Marekani ni Doxil, mwaka 1995, kazi iliyoanzia Jerusalem kwa Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon. Ndani yake kuna doksorubisini, dawa ya saratani ambayo wauguzi wa saratani wanaijua kwa rangi yake nyekundu. Doksorubisini ya kawaida inaua uvimbe lakini inaharibu misuli ya moyo, na madhara yanaongezeka kwa kila dozi. Ikifungwa kwenye liposomu ya nanomita 100 hivi, madhara kwa moyo yanapungua. Kwa nini? Kwa sababu mishipa midogo ya moyo ulio mzima haina matundu ya kupitisha kitu kikubwa kiasi hicho. Kuta zake zimebana. Liposomu inapita na damu, inatoka upande wa pili.

Mmeliona? Nano ya kwanza iliyofanikiwa sokoni ilipendwa kwa sababu haiingii moyoni. Yule anayekuuzia matone ya nano "yanayoenda moja kwa moja kwenye moyo" kwa kunywa, anadai amevuka kwa mdomo ukuta ambao mtengenezaji wa Doxil aliutegemea kuwalinda wagonjwa.

#6 Mchangiaji

Kwa hiyo zikichomwa kwenye mshipa zinaenda wapi?

#7 Mleta uzi

Ini. Na wengu kiasi.

Kati ya lita 5 za damu zinazosukumwa kila dakika mtu akiwa ametulia, misuli ya moyo inapata kama asilimia 5. Ini linapata kama robo. Mishipa midogo ya ini ina matundu wazi, na imejaa seli za Kupffer ambazo kazi yao ni kumeza chochote kigeni. Juu ya hapo, chembe ya lipidi ikiingia kwenye damu inavikwa protini za damu, mojawapo ApoE, ile inayobeba mafuta kwenda kwenye ini. Seli za ini zinaiona ApoE, zinafungua mlango. Chembe imetengenezwa kwa ajili ya moyo, mwili umeisoma kuwa mafuta ya chakula.

Ili muone ugumu wake, nendeni kwenye saratani ambako watu wamejaribu kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2016 timu ya Warren Chan, Toronto, ilikusanya tafiti za miaka 10 ikakuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizochomwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Na uvimbe una mishipa inayovuja!

Lakini kuna waliogeuza tabia hii kuwa faida, na moyo ukanufaika. Kuna ugonjwa ambapo protini iitwayo transtairetini, inayotengenezwa kwenye ini, inajikunja vibaya na kujaa kwenye mishipa ya fahamu na kwenye misuli ya moyo hadi moyo unakuwa mgumu. Dawa ya Onpattro, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2018, ni chembe ya lipidi iliyobeba RNA inayozima utengenezaji wa protini hiyo palepale kwenye ini. Iliidhinishwa kwa upande wa mishipa ya fahamu. Walipoomba iruhusiwe na kwa moyo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa Oktoba 2023. Mdogo wake, vutrisirani, ndiye aliyepata kibali cha moyo Machi 2025, na yeye hatumii chembe kabisa: RNA yake imeshikizwa sukari inayotambuliwa na seli za ini. Moyo unatibiwa, na dawa haijaugusa.

#8 Mchangiaji

Mimi ni nesi, nipo wodi ya wagonjwa mahututi. Swali langu: baada ya shambulio la moyo kunakuwa na uvimbe na mishipa inavuja pale palipoumia. Hiyo si nafasi ya chembe kuingia?

#9 Mleta uzi

Sista umegonga penyewe. Ndiyo, kuna dirisha la siku chache ambapo mishipa ya eneo lililoumia inavuja, na chembe zinapenya. Mwaka 2011 Tal Dvir, akiwa na Daniel Kohane na Robert Langer huko Boston, walitumia liposomu zenye peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, inayoshika kipokezi cha homoni ya angiotensini, ambacho huongezeka kwenye moyo ulioumia. Zikachomwa kwa panya kwenye mshipa zikajikusanya eneo la jeraha kuliko liposomu zisizo na peptidi. Japani nako, Chuo Kikuu cha Kyushu, wamefunga pitavastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwenye chembe za polima na kuonyesha hadi kwa nguruwe kwamba zikitolewa wakati ateri inafunguliwa, eneo linalokufa linapungua.

Shida ya dirisha ni kwamba linajifunga. Mgonjwa mwenye kovu la miaka mitatu hana mishipa inayovuja. Na kwa wagonjwa wetu wanaofika hospitali siku ya pili au ya tatu baada ya kuzunguka na dawa za vidonda vya tumbo, dirisha linakuwa limeanza kufungwa tayari.

Ndiyo maana napenda zaidi kazi za waliozunguka. Nizitaje kwa haraka mbili kabla sijafika kwenye ile niipendayo.

Wapo waliopita kwenye mapafu. Damu ikitoka mapafuni kituo chake cha kwanza ni moyo, upande wa kushoto, na ateri za moyo ndizo matawi ya kwanza kabisa ya mshipa mkuu. Mwaka 2018 timu ya Italia ya Daniele Catalucci ilitengeneza chembe za fosfeti ya kalsiamu, chini ya nanomita 50, zikavutwa kwa pumzi na panya wenye moyo dhaifu kutokana na kisukari. Peptidi iliyokuwa ndani ikafika kwenye seli za moyo na moyo ukaimarika. Kwa nguruwe wakaonyesha kwamba chembe zinafika. Madini yenyewe ndiyo yaliyomo kwenye mifupa yetu, mwili unayajua.

Wapo waliozuia askari badala ya kutibu jeraha. Baada ya shambulio, seli za kinga ziitwazo monositi zinakimbilia moyoni, nyingi mno, na fujo yao inaongeza uharibifu. Mwaka 2014 Daniel Getts na wenzake waliwachoma panya chembe tupu, hazina dawa yoyote ndani, zenye chaji hasi na ukubwa wa nanomita 500. Monositi zikazimeza, zikaelekea kwenye wengu zikafia huko. Moyo ukapona vizuri zaidi. Chembe isiyobeba chochote!

Sasa ile kubwa. Januari 2022, jarida la Science, Chuo Kikuu cha Pennsylvania: Joel Rurik, Haig Aghajanian, Jonathan Epstein na wenzao, akiwemo Drew Weissman ambaye mwaka uliofuata alipata Nobeli pamoja na Katalin Karikó kwa kazi ya mRNA, ile RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Walichukua chembe ya lipidi kama za chanjo, wakaibandika kingamwili inayoshika CD5, alama iliyopo kwenye seli T, askari wengine wa kinga ya mwili. Ndani wakaweka mRNA inayoielekeza seli T kuota kipokezi kinachotambua FAP, protini inayojitokeza kwenye fibroblasti zilizochachamaa, zile zinazomwaga kolajeni. Sindano moja kwenye damu. Baada ya siku mbili, karibu seli T moja kati ya tano ilikuwa na kipokezi kile. Zikaenda zenyewe hadi moyoni, maana seli T hazina shida ya kupenya ukuta wa mshipa, ndiyo kazi yao ya kila siku. Zikapunguza fibroblasti zile, kovu likapungua, na moyo wa panya ukalegea na kujaa damu vizuri tena.

Halafu mRNA ikaisha, seli T zikarudi kuwa seli T za kawaida. Kumbukeni nguruwe wa Trieste. Hapa amri ina mwisho.

Tahadhari ipo. Fibroblasti hizohizo ndizo zinazotengeneza kovu la lazima siku za mwanzo, ukiziua mapema ukuta wa moyo unaweza kupasuka. Na huyu ni panya: moyo wake una uzito mdogo kuliko gramu moja na unapiga mara 500 na zaidi kwa dakika, wetu una gramu kama 300 na mapigo 70. Kampuni iliyozaliwa na kazi hiyo, Capstan, ilipoingia kwa binadamu ilianza na magonjwa ya kinga kushambulia mwili. Moyo haukuwa wa kwanza kwenye foleni.

#10 Mchangiaji

Niko Eldoret. Nauliza kwa heshima daktari: hizi tafiti zote ni za kuziba ateri, ugonjwa wa wazungu. Huku kwetu wazee wanaumwa moyo kwa sababu ya presha. Hii kitu itatusaidia kweli?

#11 Mleta uzi

Swali hili nilikuwa nalisubiri. Data inakuunga mkono. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Presha ndiyo iliyoongoza, karibu asilimia 45. Ateri kuziba ilikuwa asilimia 7.7 tu. Miaka 52, ndugu zangu. Huyo ni mtu mwenye watoto shuleni.

Presha haiui eneo moja kwa mpigo. Inaunenepesha ukuta wa moyo na kusambaza kolajeni taratibu katikati ya misuli, kila mahali. Na hapo ndipo kazi ya Pennsylvania inapotuhusu kuliko nyingine zote nilizotaja. Panya wale hawakufungwa ateri. Waliwekewa pampu zinazotoa angiotensini na fenilefrini, homoni na dawa za kupandisha presha, hadi mioyo yao ikajaa kovu la namna hiyo. Ule ni moyo unaofanana na wa mzee wako wa Eldoret kuliko wa mzee wa Boston aliyeziba ateri. Sijaona watu wakilisema hili vya kutosha, na naomba wanafunzi wetu wa udaktari na famasi walioko humu walichukue. Tusikae tukidhani nano ya moyo ni habari ya wenye stenti, vile vibomba vya kufungulia ateri.

Utengenezaji nao si ndoto. Kituo cha mRNA kilichoanzishwa na WHO Cape Town mwaka 2021, chini ya Afrigen, kinafundisha nchi nyingine kutengeneza mRNA na kuifunga kwenye chembe za lipidi, na Februari 2022 Kenya ilitajwa kati ya nchi 6 za kwanza Afrika kupokea teknolojia hiyo. Lengo lilikuwa chanjo. Mashine ya kuchanganya lipidi haijui kama mRNA iliyomo ni ya chanjo au ya moyo.

#12 Mchangiaji

Mkuu mimi baba yangu mdogo ana moyo umetanuka, eko (ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) ilionyesha kila pigo unasukuma asilimia 30 tu ya damu iliyomo. Amenunua hizo chupa za nano, bei mbaya, na muuzaji amemwambia aache dawa za hospitali ili "zisigombane". Naomba ushauri wa haraka.

#13 Mleta uzi

Mkuu, asiache dawa za hospitali hata dozi moja. Hilo kwanza, mpigie simu sasa hivi kabla hujamaliza kusoma.

Hadi naandika hapa hakuna dawa ya chembe nano iliyoidhinishwa popote kwa ajili ya kukarabati misuli ya moyo. Hata waliojaribu RNA ndani ya moyo wa binadamu, kwenye jaribio la EPICCURE, hawakutumia chembe: walichoma mRNA ya VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kuota, ikiwa uchi kwenye misuli, sindano ndogo 30, kifua kikiwa wazi kwa upasuaji wa kupachika mishipa, kwa wagonjwa 11 tu ambao 4 kati yao walipewa sindano zisizo na dawa. Huo bado ni mwanzo tu. Chupa ya baba yako mdogo haijaruka hatua zote hizo ikatua kwenye duka la mtaani.

Asilimia 30 ni moyo dhaifu, lakini si hukumu. Enalaprili au losartani, kavediloli au bisoprololi, spironolaktoni, na siku hizi dapagliflozini au empagliflozini: hizi zimepimwa kwa maelfu ya watu, zinapunguza vifo, na nyingine zinapunguza hilohilo kovu tunalolizungumza humu. Nimeona wagonjwa waliozinywa bila kukatisha, eko ya baadaye ikasoma asilimia 40 na kitu. Nyingi zinapatikana kwa jina la kawaida, si lazima za bei ya juu. Kama hana zote, arudi kliniki aulize kwa nini. Huenda figo au presha ya chini ndiyo sababu, na hiyo anaiamua daktari wake. Akiwa karibu na Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wana kliniki ya wagonjwa wa namna yake.

Apime uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, au akianza kulala ameegemea mito, asisubiri tarehe ya kliniki. Na ile chupa aende nayo, mfamasia wa hospitali aitazame lebo, maana baadhi ya hizi bidhaa zinachanganywa na vitu vinavyopandisha potasiamu, na kwa mtu anayekunywa spironolaktoni hilo ni hatari ya mapigo kusimama.

#14 Mchangiaji

Nimempigia mkuu. Amekubali kuendelea na za hospitali. Jumatatu nampeleka mwenyewe kliniki. Mungu akubariki.

#15 Mleta uzi

Amina mkuu. Mwambieni daktari Jumatatu tarehe aliyoanza hiyo chupa na alikuwa anakunywa kiasi gani, na muombe kipimo cha potasiamu na kreatinini (kinachoonyesha hali ya figo) siku hiyohiyo.

Wengine wenye maswali kuhusu dawa fulani, wekeni jina la dawa na dozi, bila jina la mgonjwa. Kesho nikitoka zamu najibu, na nitaleta sehemu ya chembe za mapafu kwa undani kwa wale waliouliza PM.